Kima cha Chini Kabla ya Kima cha Juu: Risala ya Wachezaji wa Mpira wa Kikapu wa Kibera na Kawangware

Kwa Rais na viongozi wa Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Kenya. Waziri anayehusika na michezo. Msajili wa Michezo. Na wenye klabu zote za Ligi Kuu na Daraja la Kwanza.

Waheshimiwa,

Sisi wachezaji, makocha na wazazi wa Kibera na Kawangware tunawaletea risala hii tukitegemea kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko yake kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Silaha hatuna. Tulicho nacho ni mipira iliyochakaa, magoti yaliyozeeka kabla ya wenyewe, na simu zilizojaa ujumbe wa "nitakutumia Ijumaa".

Tunaandika sasa kwa sababu pesa zimefika. Miaka mingi tuliambiwa kwamba mpira wa kikapu Kenya ni mchezo wa ridhaa, hauna kitu, na mtu akipewa viatu ashukuru. Maneno hayo yalikwisha nguvu mwaka 2023, wawekezaji wa Twende Sports walipoichukua Nairobi City Thunder na kuifanya klabu ya kulipwa. Mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa wa ligi, na mwaka 2025 ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika Basketball Africa League, ile ligi ya bara iliyoanzishwa na NBA ya Marekani pamoja na FIBA, shirikisho la mchezo huu duniani, na kuchezwa kwa mara ya kwanza Kigali mwaka 2021. NBA yenyewe ina ofisi hapa Nairobi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: klabu hiyo si adui yetu. Imethibitisha kwamba mchezaji wa Kenya anaweza kulipwa kwa kazi ya kudunda mpira na mbingu isianguke.

Lakini pale ambapo klabu moja inapata pesa nyingi kuliko wenzake, hazipiti siku nyingi kabla ya wengine kuanza kusema: tuweke kima cha juu cha mishahara, ushindani usife. Hoja hiyo haijazaliwa Nairobi. Vijana wa mitaani kwetu wanaokesha na simu wakifuatilia NBA wanaijua kwa tarakimu. Wanajua kwamba msimu wa 2025-26 kila timu ya kule iliwekewa kima cha dola milioni 154.6, na kwamba Boston Celtics, mabingwa wa 2024, waliwaachia Jrue Holiday na Kristaps Porziņģis mwaka uliofuata kwa sababu hesabu ya mishahara ilikuwa imepita mstari ambao adhabu yake ni nzito. Wanabishana juu ya mstari huo kwenye kinyozi kama vile wao ndio wanaoulipia.

Basi likifika kwenu pendekezo la namna hiyo, na litafika, jueni msimamo wetu mapema. Uti wa mgongo wa risala hii ni mmoja: msituwekee kima cha juu kabla hamjatuwekea kima cha chini. Nyumba nyingi za kwetu hazina dari, na watu wanaishi. Hakuna anayeishi pasipo na sakafu.

Mnaongea na nani

Mchezaji wa Kibera anayetoka Gatwekera au Laini Saba hutembea kwa miguu, akashika barabara ya Mbagathi hadi ukumbi wa Nyayo. Wa Gatina au Kabiro, kule Kawangware, hupanda matatu ya 46 hadi mjini, kisha humalizia kwa miguu. Mchana amekuwa mjengoni, au juu ya bodaboda, au ameshika zamu kwenye kibanda cha mamake. Jioni anafanya mazoezi kwenye uwanja wa saruji wa shule au kanisa, mlinzi akikubali kufungua. Jumamosi na Jumapili ni siku za mechi. Wakishinda, msimamizi wa timu anazungusha nauli mkononi, noti moja moja. Wakishindwa, anaweza kuwa ameshaondoka.

Zamani ilikuwa hivi: mwenye bahati aliajiriwa. Mchezaji wa Ulinzi ni askari wa jeshi. Halmashauri ya Bandari ilikuwa na timu, mabenki yalikuwa na timu, na aliyechukuliwa huko alitarajia kazi, hati ya mshahara mwisho wa mwezi na siku moja akiba ya uzeeni. Utaratibu huo una kasoro zake, hasa kwamba mwajiri akichoka na michezo timu hufa kwa barua moja. Hata hivyo mchezaji alijua yeye ni nani mbele ya sheria. Sisi wa klabu za mitaa na za vyuo hatujui. Tukidai mshahara tunaambiwa tu watu wa ridhaa. Tukitaka kuondoka tunaambiwa tuna mkataba.

Karatasi

Wengi wetu tumecheza misimu mizima bila kutia sahihi chochote isipokuwa fomu ya usajili. Fomu hiyo inamfunga mchezaji kwa klabu. Haimfungi mwenye klabu kwa mchezaji. Haisemi atalipwa nini, lini, wala nani atamtibu akivunjika.

Waliobahatika kupewa mkataba nao wana kisa chao. Unaletewa karatasi kando ya uwanja, basi la timu likinguruma, kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili, na unaonyeshwa ukurasa wa mwisho pa kutia sahihi. Nakala hupewi. Ukipata bahati ya kuisoma baadaye kwenye simu ya mtu, unagundua kwamba klabu inaweza kukuacha wakati wowote "kwa sababu za kiufundi", na wewe huwezi kuiacha kwa miaka mitatu. Tumewahi kumwona mwenzetu akiahidiwa kiasi fulani kwa mwezi, akapewa nusu mwezi wa kwanza, robo mwezi wa pili, na kuanzia wa tatu akawa anapewa pole. Ahadi ni deni, ndivyo tulivyolelewa. Lakini deni lisiloandikwa halina wa kulishuhudia.

Sheria ya nchi haina utata hapa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, sehemu ya 9, inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Asiyeweza kusoma anapaswa kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Sehemu ya 10 inaongeza kwamba mwajiri akishindwa kuleta mkataba huo mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wake yeye. Msimu wa ligi yetu unapita miezi 3.

Tunajua jibu la wenye klabu: hawa si waajiriwa, ni wapenzi wa mchezo. Tunauliza: mtu anayepangiwa saa ya mazoezi, anayekatwa pesa akichelewa, anayevalishwa nembo ya mdhamini kifuani na kukatazwa kuchezea timu nyingine yoyote, anaitwa nani? Ikiwa ni mpenzi tu, basi muacheni aje na aende apendavyo.

Kwa hiyo tunadai Shirikisho litoe mkataba wa mfano mmoja kwa ligi zote, kwa Kiswahili na Kiingereza, na ule wa Kiswahili uwe na nguvu sawa. Mchezaji apewe siku 7 za kuusoma nyumbani. Zitiwe sahihi nakala 3: yake, ya klabu na ya Shirikisho. Na hapa ndipo penye meno: asipewe leseni ya kucheza mchezaji ambaye nakala ya mkataba wake haijafika ofisini kwenu. Mkiwa na uwezo wa kumzuia mtu kucheza kwa sababu ya picha ya pasipoti, mna uwezo wa kumzuia kwa sababu ya mkataba. Malipo yote yapite benki au M-Pesa. Noti za mkononi zikome. Hazina kumbukumbu, na mkono unaozigawa haujulikani umebaki na ngapi.

Hata wenye klabu watafaidi. Wana kilio chao, na ni cha haki: yuko mchezaji anayechukua pesa za klabu mbili katika msimu mmoja kisha akapotea. Karatasi iliyowekwa kwenye kabati la Shirikisho itamfichua siku hiyo hiyo.

Mtu asiyelipwa hafungwi

Hili la kuachiliwa linatuuma kuliko mshahara wenyewe. Mchezaji hajalipwa miezi mingi. Klabu nyingine inamtaka, pengine ya kaunti nyingine, pengine ya Uganda au Rwanda. Anaenda kuomba barua ya kuachiliwa, anaambiwa klabu inayomtaka ilipe kwanza. Ilipe nini, ikiwa hata yule anayeuza hakutoa kitu? Dirisha la usajili linafungwa, nafasi inapotea, na kijana anabaki benchi au anarudi mjengoni.

FIBA imelimaliza jambo hili kwa uhamisho wa kimataifa. Kanuni zake zinasema shirikisho la nchi linaweza kukataa kutoa barua ya ruhusa kwa sababu moja tu: mchezaji ana mkataba na klabu unaovuka tarehe ya uhamisho. Mkataba, siyo mazoea, siyo "tulimlea". Tunataka kanuni hiyo hiyo iwe ya ndani ya Kenya, neno kwa neno. Asiye na mkataba unaoendelea aachiliwe bila malipo. Aliye na mkataba lakini hajalipwa kwa siku 60 awe huru kwa kutoa taarifa ya maandishi kwenu, na ninyi mumtolee barua katika siku 7, klabu ipende isipende.

Klabu iliyomlea mchezaji toka utotoni inastahili kitu, hatukatai. Makocha wa mitaa miongoni mwetu wamewafundisha watoto bure kwa miaka na kuwaona wakichukuliwa bila hata shukrani ya mipira miwili. Wekeni fidia ya malezi yenye kiwango kinachojulikana, ilipwe na klabu inayopokea, na sehemu yake iende kwa timu ya mtaa ambako mtoto alianzia. Isiwe bei ya kumnunulia mtu uhuru wake.

Goti

Anayecheza kwenye saruji kwa miaka kumi anajua goti lina hesabu yake. Siku kano inapokatika unausikia mlio, na wote uwanjani wanausikia. Klabu inakuleta kwenye gari la mtu hadi hospitali, msimamizi anakaa nawe saa moja, anapigiwa simu, anaondoka. Kinachofuata ni picha ya MRI, kisha upasuaji, kisha miezi ya mazoezi ya viungo. Mtu wa namna hiyo hukaa nje miezi 9 hadi mwaka. Klabu nyingi humhesabu kuwa ameshaondoka kabla hata hajaondolewa bandeji.

Kinachobaki ni mchango. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, jina la mgonjwa na nambari ya mweka hazina zinawekwa juu, na wachezaji wa timu pinzani ndio huwa wa kwanza kutuma. Tunawashukuru. Lakini mchango wa marafiki si bima.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi, jambo limekwisha. Asiyeajiriwa hupimiwa mapato ya nyumba yake na kutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Sasa fikirieni mchezaji wa Kibera ambaye klabu inasema si mwajiriwa. Kodi ya nyumba inamsubiri, ada ya mdogo wake inamsubiri, naye alipe bima ya mwaka mzima kwa mkupuo. Goti linakatika Machi na yeye alikuwa anapanga kulipa Juni.

Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Tunaitaka itumike viwanjani. Kila klabu ya Ligi Kuu na Daraja la Kwanza ionyeshe hati ya bima ya wachezaji wake kabla ya mechi ya kwanza, na isiyokuwa nayo isipangwe kwenye ratiba. Mkataba wa aliyeumia akiichezea klabu usivunjwe hadi daktari aseme amepona au muda wake uishe. Na kwa klabu ndogo ambazo kweli hazina uwezo, Serikali inao mfuko. Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii ulianzishwa ulishwe kwa kodi za kamari na bahati nasibu. Pesa hizo zinatoka wapi kama si kwa vijana wa mitaa kama yetu, wanaobonyeza simu kila jioni wakitafuta mechi tano za uhakika? Tunaomba sehemu ndogo ya kile tulichopoteza irudi kama bima ya goti.

Watoto wa shule

Hapa tutasema kwa ufupi, kwa kuwa wazazi miongoni mwetu wameomba majina na shule zisitajwe. Mtoto mrefu wa Kawangware huonekana mapema. Anaahidiwa nafasi katika shule yenye timu, ada italipwa. Mzazi anashukuru Mungu. Kidato cha tatu mtoto anaumia kifundo cha mguu, na muhula unaofuata ada inarudi kwa mzazi, pamoja na malimbikizo ambayo hakujua yapo. Hakuna karatasi. Aliyeahidi hapokei simu.

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Katiba yetu. FIBA nayo hairuhusu wa umri huo ahamishwe kutoka nchi hadi nchi ila kwa sababu maalumu. Ahadi yoyote ya masomo kwa ajili ya mpira iandikwe, mzazi au mlezi atie sahihi, na iseme wazi kwamba ada italipwa hadi kidato cha nne, mtoto acheze asicheze. Wakala asimguse mtoto. Wakala asiye na leseni ya FIBA asimguse mtu yeyote.

Dada zetu

Timu za wanawake zinacheza ukumbi ule ule, mara nyingi saa ambazo watazamaji hawajafika, na nauli yao ni ndogo kuliko ya wanaume. Sababu wanayopewa ni kwamba hawaingizi pesa. Wanaume nao hawakuwa wakiingiza, na walipewa.

Kipaji hakikosekani. Madina Okot aliondoka Chuo Kikuu cha Zetech mwaka 2024 kwenda kucheza chuo kikuu cha Mississippi State, kisha mwaka uliofuata South Carolina, mojawapo ya timu kubwa kabisa za vyuo vya Marekani. Tunajivuna naye, ila tunajiuliza mchezaji wa kiwango hicho angekaa hapa angelipwa nini. Hata kule kwenye pesa wanawake wamelazimika kupigania malipo. Julai 2025, wachezaji wa WNBA, ligi ya wanawake ya Marekani, waliingia kwenye mechi yao ya nyota, Indianapolis, wakiwa wamevaa fulana za kudai walipwe wanachodai, kwa kuwa mazungumzo ya mkataba mpya na ligi yalikuwa yamekwama. Tunadai kima cha chini kiwe kimoja kwa mwanamke na mwanamume, na mchezaji mwenye mimba alindwe na sehemu ya 29 ya Sheria ya Ajira, inayompa miezi 3 ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili. Tumewaona wengi waliojifungua wakakuta jina limefutwa kwenye orodha.

Kuhusu hicho kima cha juu

Turudi kwenye suala la mishahara. Wanaopenda kuitaja NBA wasiitaje nusu. Chama cha wachezaji wa NBA kilianza mwaka 1954. Mwaka 1964 nyota wa ligi hiyo waligoma kutoka chumbani kabla ya mechi yao kubwa kule Boston, iliyokuwa ioneshwe kwenye televisheni, hadi walipoahidiwa pensheni. Oscar Robertson na wenzake walifungua kesi mwaka 1970 kupinga klabu kummiliki mchezaji maisha, na shauri likamalizwa kwa maelewano mwaka 1976. Kima cha juu kilikubaliwa mwaka 1983 na kuanza kutumika msimu wa 1984-85, dola milioni 3.6 kwa timu, na papo hapo wachezaji wakahakikishiwa asilimia 53 ya mapato. Hesabuni wenyewe: kutoka chama hadi kima cha juu ni miaka 30. Hata leo, timu ya NBA inalazimika kutumia angalau asilimia 90 ya kima hicho, na kila mchezaji ana mshahara wa chini ulioandikwa.

Kima cha juu cha kule, basi, ni upande mmoja wa mapatano. Mkikichukua peke yake na kukileta Nairobi, mtakuwa mmechukua kufuli mkaacha nyumba. Kitakachotokea kinajulikana: klabu moja iliyokuwa tayari kulipa itaambiwa ipunguze, na zile zisizolipa zitaambiwa ziendelee. Ushindani mtakaoupata ni wa umaskini.

Pendekezo letu ni la watu wanaojua klabu nyingi ni maskini kweli. Wachezaji wawekwe mafungu mawili. Mchezaji wa kulipwa awe na mkataba, na mshahara wake usiwe chini ya kima cha chini cha kisheria cha kibarua wa Nairobi, ambacho Novemba 2024 kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na kima hicho kikipandishwa na Serikali nao upande. Hatujaomba utajiri, tumeomba kile ambacho sheria inampa anayefagia ukumbi tunaochezea. Mchezaji wa ridhaa asilipwe mshahara, lakini apewe nauli, maji na matibabu, na mwisho wa msimu awe huru kwenda popote bila barua ya mtu. Klabu ichague. Isiyomlipa mchezaji isimfunge.

Pesa za wadhamini nazo ziwe na njia ya kumfikia mchezaji. Rwanda wamelifanya: mdhamini wa ligi yao hutuma bonasi ya ushindi moja kwa moja kwenye simu ya kila mchezaji, mechi ikiisha. Sisi ndio wenye M-Pesa tangu 2007. Utaratibu huo uandikwe kwenye kila mkataba wa udhamini mnaotia sahihi kwa jina letu, na mkataba huo mtuonyeshe.

Yakishatimia hayo kwa misimu miwili, njooni na kima cha juu chenu. Tutakaa mezani. Pengine tutakubali, hata sisi tunapenda ligi ambayo bingwa hajulikani mapema.

Meza yenyewe

Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, na chama haki ya kujadiliana na mwajiri. Wanasoka wa Kenya wana chama chao, KEFWA. Sisi hatuna chombo, na kila anayethubutu kuuliza huitwa mchochezi na jina lake likaanza kukosekana kwenye kikosi. Tunaanza kukiunda. Tunaomba Shirikisho litambue wawakilishi wetu, liwape viti viwili vyenye kura katika kamati ya mashindano, kimoja cha mwanamke, na litangaze kwamba klabu itakayomwadhibu mtu kwa kutia sahihi risala hii itaadhibiwa yenyewe.

Kuhusu migogoro: Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliunda Baraza la Kutatua Migogoro ya Michezo. Ni mlango mzuri, ila una komeo. Mgogoro wa mchezaji na klabu yake unasikizwa pale tu pande zote zikikubali kuupeleka, na klabu yenye deni haitakubali. Dawa ni kuweka makubaliano hayo ndani ya mkataba wa mfano tangu siku ya kwanza. FIBA hufanya vivyo hivyo: mahakama yake ya usuluhishi, BAT, iliyoanzishwa 2007 na kuwekwa Geneva, humsikiliza mchezaji ambaye mkataba wake una kifungu kinachoitaja. Wengi wetu hatutafika Geneva kwa deni la shilingi elfu arobaini. Baraza la hapa Nairobi tunalifikia kwa miguu.

Waheshimiwa, Februari 2021 Tylor Ongwae alipofunga kikapu cha mwisho kule Yaoundé na Kenya ikaifunga Angola 74 kwa 73, nchi nzima ilijua Morans, timu yetu ya taifa, wamerudi AfroBasket baada ya miaka 28. Kibera watu walikimbia vichochoroni wakipiga kelele. Wachezaji wa ushindi ujao wako kwenye saruji ya Kibera na Kawangware jioni hii, na hawana mkataba.

Tunaomba jibu la maandishi, kwa kila dai, kabla ya kufunguliwa kwa usajili wa msimu ujao.  Tukikosa jibu, hatutatia sahihi fomu za usajili.

Ni sisi,
Wachezaji, makocha na wazazi wa mpira wa kikapu
Kibera na Kawangware, Nairobi